Kwanza Kujua, Ndipo Kukata

Mwezi uliopita tulipata barua ya mwalimu wa mtaa mmoja wa milimani. Aandika kwamba mama mmoja wa usharika wake aliona donge katika titi lake, akaenda hospitali, akaambiwa arudi siku ya tatu ili atolewe kinyama kidogo kikapimwe. Mama yule hakurudi. Mwalimu alipomwendea nyumbani kumwuliza sababu, alimjibu hivi: “Mwalimu, mama yangu mdogo zamani alikwenda vivyo hivyo. Alilala ana titi, akaamka hana.” Mwalimu hakuwa na neno la kumjibu, akatuomba sisi tulieleze jambo hili. Nasi twalieleza mbele ya wote, maana twadhani yuko mama wa namna hii katika kila usharika, hata kama hajasema na mtu.

Kwanza yatupasa kukiri kwamba mama huyu hasemi upuzi. Jambo analoliogopa lilikuwa kweli desturi ya hospitali kubwa za dunia kwa muda wa miaka sabini na zaidi. Yeye anayetaka kumwondolea hofu kwa kumcheka, au kwa kumwambia kwamba mambo hayo hayakuwapo kamwe, atakuwa amemdanganya, na mama atajua. Yafaa tujue desturi ile ilitoka wapi, kisha jinsi ilivyovunjwa, na ni akina nani walioivunja.

Mwaka 1894 Bwana William Halsted, mpasuaji wa hospitali ya Johns Hopkins katika mji wa Baltimore, Marekani, aliwatangazia waganga wenzake namna yake ya kupasua saratani ya titi. Aliliondoa titi zima, pamoja na misuli ya kifua iliyo chini yake, tena na tezi za kwapani, vyote kwa mara moja. Aliwaza kwamba saratani hutambaa kidogo kidogo kutoka mahali ilipoanzia, kama moto unavyotambaa katika majani makavu. Basi anayekata kwa mapana ataupita mpaka wa moto. Wanawake waliopona walibaki na kifua kilichobonyea hata mbavu zikaonekana, na wengi mkono wao ulivimba siku zote. Lakini wakati ule wanawake walikuwa wakifika kwa mganga wana vidonda vikubwa, na wapasuaji karibu wote wa Marekani walimfuata Halsted.

Jambo la pili lilitokea mwaka 1905. Katika hospitali ya Mayo, mji wa Rochester, jimbo la Minnesota, Bwana Louis Wilson alipata njia ya kukigandisha kipande cha nyama kwa baridi, kukikata vipande vyembamba, kukitia rangi ya buluu, na kukitazama kwa hadubini. Kazi iliyokuwa ikichukua siku nyingi sasa ilikwisha kwa dakika chache, mgonjwa angali amelala mezani. Ilikuwa akili kubwa, na hata leo njia hiyo hutumika katika hospitali kwa faida nyingi.

Walakini mambo haya mawili yalipokutana, yakazaa jambo la tatu. Mwanamke mwenye donge alipewa karatasi atie sahihi, kisha akalazwa kwa dawa ya usingizi. Mpasuaji akalitoa donge, mtu akakimbia nalo chumba cha hadubini, wote wakangoja. Neno likirudi kwamba ni jema, walimshona. Neno likirudi kwamba ni saratani, hawakumwamsha kumwuliza. Waliendelea papo hapo wakaondoa titi na misuli na tezi. Kwa hiyo ile karatasi moja ilikuwa na ruhusa mbili ndani yake, moja ya kujua na moja ya kukata, wala mwanamke hakuweza kutoa ya kwanza bila kutoa ya pili.

Tusiwahukumu waganga wale upesi. Dawa ya usingizi ya siku zile ilikuwa na hatari yake, nao walitaka mgonjwa ailale mara moja tu. Tena waliogopa kwamba saratani ikiisha kuguswa na kisu na kuachwa, hata kwa siku chache, itatawanyika. Tena wengine waliona ni huruma kumpunguzia mwanamke siku za kungoja na kujua. Sababu zote tatu zilikuwa za watu wenye nia njema. Walakini hakuna mmoja wao aliyekuwa amelala juu ya meza ile. Wanawake wengi wamesimulia usiku wa kuamkia siku ile, jinsi walivyoliaga titi ambalo labda halikuwa na neno. Na jinsi walivyofumbua macho baadaye, dawa haijawatoka vema, mkono ukaenda wenyewe kifuani kupapasa kama bandeji ni ndogo au ni kubwa. Wengine walitazama saa ya ukutani kwanza. Ikiwa dakika chache tu zimepita, walijua wamepona. Ikiwa saa tatu au nne zimepita, walijua pia. Ndivyo mwanamke alivyopata habari ya mwili wake mwenyewe, kwa saa ya ukutani.

Desturi hii ilianza kutikiswa na watu wasio waganga. Mwaka 1972 Bibi Shirley Temple Black, ambaye wazee wa mjini labda wamkumbuka kama mtoto mwenye nywele za mawimbi katika sinema za zamani, aliona donge akiwa na umri wa miaka 44. Alikataa kuwaachia waganga uamuzi wote kabla hajajua ana nini. Alipojua kwamba ni saratani, alichagua mwenyewe operesheni iliyoondoa titi lakini ikaacha misuli ya kifua. Kisha akafanya jambo lililowashangaza wengi: alilitangaza hadharani angali hospitalini, na mwaka 1973 akaliandika katika gazeti la wanawake. Siku zile hata neno lenyewe “titi” watu waliona haya kulichapa gazetini, na “saratani” ilinong’onwa kama jina la mwizi.

Mwaka wa pili baadaye, tarehe 26 Septemba 1974, waganga walimpima Bibi Betty Ford, mke wa Rais wa Marekani, wakaona donge katika titi la kuume. Mumewe alikuwa ameshika urais wiki saba tu. Tarehe 28 alilala mezani katika hospitali ya jeshi la majini ya Bethesda, kwa desturi ile ile ya zamani: donge likatolewa, likagandishwa, likatazamwa, likawa saratani, na alipoamka titi lilikuwa limekwisha kuondolewa. Bibi Ford hakuficha. Watu wa magazeti waliambiwa ugonjwa kwa jina lake, na wanawake wengi sana wa nchi ile wakaenda kupimwa. Mmoja wao alikuwa Bibi Happy Rockefeller, ambaye mumewe alikuwa amechaguliwa kuwa makamu wa Rais akingoja kuthibitishwa. Yeye alijipapasa akaona donge, na kabla mwezi wa Oktoba haujaisha naye alikuwa amepasuliwa. Bibi Ford aliishi hata mwaka 2011, akafa mwenye umri wa miaka 93. Twataja umri huo kwa makusudi, kwa sababu ya wale wasemao kwamba aliyeguswa titi na kisu hana miaka.

Lakini yule tunayependa zaidi wasomaji wamjue ni Bibi Rose Kushner, mwandishi wa habari wa jimbo la Maryland. Hakuwa mke wa mkubwa yeyote. Mwezi wa Juni mwaka ule ule wa 1974 aliona donge dogo katika titi lake. Badala ya kukaa na kulia, alikwenda kusoma, akasoma yote aliyoweza kuyapata, akaona kwamba waganga wengi wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuiacha njia ya Halsted. Akawapigia simu wapasuaji, mmoja baada ya mwingine, akiomba jambo moja tu: nitoeni kinyama, mniamshe, mniambie, kisha nitafikiri. Wengi walimkatalia. Mwisho akapatikana aliyekubali. Jibu lilipotoka, ilikuwa saratani kweli. Hapo Bibi Kushner hakukimbia. Alisafiri mpaka mji wa Buffalo, jimbo la New York, kwa mpasuaji aliyekubali kumwachia misuli ya kifua, akapasuliwa huko. Waangalie wale wanaodhani kwamba mwanamke akipewa nafasi ya kufikiri atatoroka matibabu. Huyu alifikiri, kisha akaenda.

Tena kuna habari moja ambayo mwenyewe aliisimulia. Aliposikia kwamba Bibi Ford atapasuliwa kesho, aliipigia simu nyumba ya Rais akitaka kumsihi Bibi Ford aombe kinyama kwanza, na operesheni siku nyingine. Akajibiwa kwamba Rais amekwisha kuamua. Twaomba msomaji asimame kidogo hapa. Donge lilikuwa la bibi, na titi lilikuwa la bibi, lakini jibu lilisema kwamba bwana ameamua. Je, katika mitaa yetu twaweza kuwacheka?

Mwaka 1975 Bibi Kushner alitoa kitabu juu ya mambo hayo, akaendelea kuwasumbua waganga katika mikutano yao. Wakati huo huo Bwana Bernard Fisher, mpasuaji wa mji wa Pittsburgh, alikuwa amekwisha kuanza, tangu mwaka 1971, kuwalinganisha kwa hesabu wanawake waliopasuliwa kwa njia ya Halsted na wale waliopasuliwa kwa njia ndogo, na hesabu ilionyesha kwamba wale wa Halsted hawakuishi zaidi. Mwezi wa Juni 1979 baraza lililoitishwa na taasisi kuu ya afya ya serikali ya Marekani lilikaa, na Bibi Kushner akiwa mjumbe wake, likashauri kwamba kinyama kitolewe kwanza, mwanamke aambiwe, na matibabu yafuate baadaye kama hatua ya pili. Mwaka 1985 Bwana Fisher alionyesha tena kwamba kwa wanawake wengi wenye donge dogo yatosha kuondoa donge lenyewe na kutia mionzi, titi likabaki. Bibi Kushner alifariki Januari 1990, saratani ikiwa imerudi. Alikuwa ameishi nayo zaidi ya miaka kumi na mitano.

Hii ndiyo habari ambayo mwalimu amweleze mama yule: jambo ulilosikia juu ya mama yako mdogo lilikuwako, na liliachwa, na waliosababisha liachwe ni wanawake waliouliza maswali.

Basi sasa kinyama hutolewaje? Tulimsindikiza mama mmoja wa usharika wetu mwaka uliopita, nasi tutasimulia kama tulivyoambiwa naye, maana ndani ya chumba hatukuingia. Alilazwa chali kitandani, mkono umeinuliwa juu ya kichwa. Daktari alilitafuta donge kwa mashine ya altrasaundi, akaisafisha ngozi kwa dawa ya baridi, akamchoma sindano ya ganzi. Hiyo, asema, iliuma kama nyuki kwa muda mfupi. Kisha daktari akapasua ngozi kidogo, kiasi cha punje ya mchele, akaingiza sindano iliyo wazi katikati. Sindano hiyo ina springi, nayo ikifyatuliwa hutoa mlio. Daktari alimsikilizisha mlio huo kabla ya kuanza ili asishtuke, lakini alishtuka vilevile. Alisikia kusukumwa, hakusikia kukatwa. Mlio ulilia mara nne, na kila mara kilitoka kipande chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Muuguzi alimbonyeza mahali pale kwa muda wa kutosha damu isitoke, akambandika plasta, akampa barua. Alirudi nyumbani siku ile ile kwa basi.

Iko pia sindano nyembamba zaidi, inayofyonza chembe chache tu. Ni rahisi, lakini haionyeshi mambo mengi kama ile ya kwanza. Na pengine, kama donge halifikiki kwa sindano au jibu la kwanza si wazi, daktari hupasua na kutoa donge lote au sehemu yake. Mwulize daktari ni ipi kati ya hizo anayokusudia, na kwa nini.

Baada ya kurudi nyumbani, titi huweza kuwa jeusi-jeusi na kuuma siku chache. Siku moja au mbili mama asibebe ndoo ya maji, wala mzigo wa kuni, wala mkungu wa ndizi. Na hapa kazi ni ya watu wa nyumbani, si yake. Damu ikizidi kutoka, au mahali pale pakiwaka moto na kutoa usaha, arudi hospitali asingoje. Anayemeza dawa ya kuifanya damu kuwa nyepesi amwambie daktari kabla ya sindano.

Wengi huuliza: Je, sindano haitawanyi saratani? Ndiyo ile ile hofu ya waganga wa zamani. Lakini tangu kinyama kilipotengwa na operesheni, wanawake wasiohesabika wametolewa hivyo, wala haikuonekana kwamba wanaotolewa kinyama kwanza huishi muda mfupi kuliko wengine. Linaloua ni kukaa. Mama huchomwa sindano donge likiwa limekwisha kuenea mwilini, akifa miezi michache baadaye watu husema sindano imemwua, wala hawahesabu ile miaka miwili aliyokaa nalo ndani ya nguo.

Kipande kilichotoka hutiwa katika chupa yenye dawa iitwayo formalini, isioze. Hutiwa humo upesi, na chupa huandikwa jina. Kisha hukaushwa, huzungushiwa nta, hukatwa vipande vyembamba sana, kiasi cha sehemu nne hivi katika elfu za milimita, yaani ukiziweka mia mbili na hamsini pamoja ndipo utapata unene wa milimita moja. Hutiwa rangi ya zambarau na ya waridi, na mtaalamu huvitazama kwa hadubini. Kikionekana kuwa ni saratani, hupimwa tena kujua kama inakula homoni za mwanamke au sivyo, kwa kuwa dawa ya moja si dawa ya nyingine. Kazi hiyo yataka siku kadhaa hata mahali penye watu wengi wa kuifanya. Kwetu wataalamu wa namna hiyo ni wachache, na jibu huweza kuchukua wiki nyingi.

Hapa tuna neno la kulalamika. Katika hospitali moja tuliona kwa macho yetu donge limetolewa, mama ameshonwa, na donge lenyewe limetupwa pamoja na pamba chafu, kwa sababu hakuna aliyelipa gharama ya kulipima. Mama akaambiwa amepona. Hatusemi hospitali gani. Twasema tu kwamba donge lisilopimwa halijatibiwa, hata kama halipo tena mwilini, na ndugu wa mgonjwa wana haki ya kuuliza: kinyama kimepelekwa wapi, nani amekipeleka, jibu litatoka siku gani, na tumwendee nani? Wayaandike majibu katika daftari. Karatasi nyingi za majibu hukaa katika makabati ya hospitali zikiwa na majina ya watu ambao hawakurudi kuzichukua.

Tena jibu si lazima liwe baya. Mara nyingi donge huwa la nyuzinyuzi, hasa kwa vijana, au mfuko wa maji, au jipu kwa mama anayenyonyesha. Pengine jibu husema kwamba kipande hakikutosha, naye atolewe tena. Hilo si dalili ya lolote, ni kazi ya kurudiwa tu. Wanaume nao wapate kusikia: ugonjwa huu huwapata hata wao, ingawa mara chache, nao huchelewa kuliko wanawake kwa sababu ya aibu.

Walimu wapenzi, neno la sahihi ndilo lililo gumu. Waume wengi hudhani kwamba karatasi ya hospitali ni yao, na pengine kaka wa mama huja naye akasema yake. Ni vema mume aende, asikilize, aulize. Lakini karatasi ya kinyama ni ya kinyama peke yake, na ya operesheni ni nyingine, ya siku nyingine. Na katika hizo zote mbili mwenye mwili ndiye wa kutia sahihi. Asiyejua kusoma asomewe yote, neno kwa neno, kabla ya kutia dole gumba. Mwalimu aweza kusaidia hapo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa anajua kusoma, na watu wote wawili humsikiliza.

Mama tuliyemsindikiza alingoja majuma matano. Asema hayo yalikuwa mazito kuliko sindano. Usiku alihesabu miti ya paa, mchana alipalilia mahindi ambayo hayakuwa na magugu. Watu walimwambia asifikiri, naye hakuweza kutii. Lililomfaa, asema, ni jirani mmoja aliyekuja kila jioni akakaa naye wakichambua maharagwe, asiulize neno. Jibu lilipotoka, alimwomba muuguzi amsomee yeye kwanza, akiwa peke yake. Kisha akatoka nje akamwambia mumewe mwenyewe. Lilikuwa saratani, ingali ndogo. Alipasuliwa mwezi uliofuata, baada ya kuuliza maswali yake yote, nayo yalikuwa kumi na moja. Tuliyaona katika daftari ya shule ya mtoto wake.

Kwa mwalimu aliyetuandikia: tumekutumia magazeti mawili, moja ni la mama huyo. Siku atakapokubali kwenda, usimwache aende peke yake, nawe chukua kalamu.